Kabla ya kisu kumgusa kichanga

Bajeti ya afya inaposomwa bungeni Dodoma, magazeti ya kesho yake hujaa majengo mapya, mashine mpya na idadi ya madaktari waliopelekwa kusomea ubingwa. Sina ugomvi na hayo. Ila mimi ni nesi mstaafu wa wodi ya watoto wachanga, na kuna kipande cha safari ambacho hakipati nafasi kwenye vichwa vya habari. Ni nani anayemshika mtoto aliyezaliwa na kasoro inayohitaji upasuaji, tangu anapotoka tumboni mwa mama yake hadi anapolazwa kwenye meza ya daktari bingwa? Na akishatoka mezani, ni nani anayemshika tena?

Msimamo wangu nauweka wazi mapema, anayetaka kubishana nami ajue pa kuanzia. Watoto wengi wa aina hii hawafi kwa sababu daktari wetu hajui kushona. Wanakufa kwa baridi, kwa kuishiwa maji mwilini, kwa maambukizi yaliyoingia kwenye damu, na kwa njaa. Mambo hayo manne hutokea kabla ya upasuaji au baada yake, mikononi mwa watu ambao hawaingii tieta. Tukitaka watoto hawa waishi, pesa na akili zianzie huko.

Takwimu zipo. Mwaka 2021 jarida la Lancet lilichapisha utafiti uliofuatilia watoto 3,849 katika hospitali 264 za nchi 74. Wote walizaliwa na mojawapo ya kasoro saba za tumbo na njia ya chakula: koo la chakula lisilofika tumboni, utumbo ulioziba, kukosa njia ya haja kubwa, na nyingine za jinsi hiyo. Katika nchi tajiri, kati ya kila watoto 100 walikufa takriban 6. Katika nchi za kipato cha kati walikufa 20. Katika nchi maskini walikufa 40. Kwa kasoro moja, ile ya utumbo kutoka nje kupitia tundu dogo kando ya kitovu, nchi tajiri zilipoteza mtoto mmoja au wawili katika mia. Nchi maskini zilipoteza 90.

Kasoro hiyo haina ukatili zaidi kwa maskini. Mara nyingi mtoto mwenyewe ni mzima kabisa, moyo mzima, akili nzima, ila utumbo umekaa nje. Watafiti hao waliangalia pia ni mambo gani yaliyoambatana na vifo. Waliyataja haya: mtoto kufika hospitali akiwa tayari ana maambukizi kwenye damu, kukosa mashine ya kupumulia au lishe ya kwenye mishipa pale alipoihitaji, hata kutotumika kwa ile orodha ya ukaguzi ambayo timu ya upasuaji husomeana kabla ya kuanza. Ukiyasoma hayo ukiwa nesi, unajiona kazini.

Sasa nieleze anavyofika mtoto wa kweli, maana asilimia hazina uso.

Nilikuwa zamu ya usiku katika hospitali moja ya rufaa ambayo sitaitaja. Karibu na alfajiri gari la wagonjwa liliingia, akashuka bibi mmoja na kifurushi cha vitenge kifuani. Walikuwa wametoka mkoa mwingine, zaidi ya kilomita 300.

"Sista, shikamoo. Nimekuletea mgeni."

Alikuwa mkubwa kwangu kwa miaka mingi, nikaona aibu. "Shikamoo mwenyewe, bibi. Karibu. Mama yake yuko wapi?"

"Amebaki wodini kule, kapasuliwa. Wameniambia nimwahishe mimi, yeye atafuata."

Nilifungua kitenge cha kwanza, kilikuwa kikavu. Cha pili kilikuwa na unyevu. Cha tatu kilikuwa kimelowa chapachapa na kimepoa. Ndani yake utumbo ulikuwa umefunikwa kwa gauzi iliyolowekwa maji ya chumvi. Pembeni gauzi ile ilikuwa imekauka na kugandamana na utumbo, katikati ilikuwa baridi kama maji ya mtungi. Kipimajoto kilisoma chini ya 34. Hakukuwa na mpira wa puani wa kutoa hewa na nyongo tumboni. Hakukuwa na dripu. Barua ya rufaa ilikuwa na mstari mmoja: tatizo la tumbo, tafadhali mpokeeni. Saa ya kuzaliwa haikuandikwa, wala uzito, wala dawa aliyopewa.

Daktari bingwa alikuwapo mjini, tukampigia, akaja. Tieta ilikuwapo. Mtu wa usingizi alikuwapo. Mtoto hakufika tieta. Tulihangaika kumpasha joto na kutafuta mshipa, na ilipofika saa nane mchana tulimwita bibi pembeni.

Katika mlolongo ule sikumwona mzembe. Mkunga aliyeweka gauzi mbichi alifanya alichofundishwa. Dereva aliendesha usiku kucha. Bibi alimkumbatia mjukuu wake njia nzima. Kilichokosekana ni mtu wa kumwambia mkunga kwamba gauzi iliyoloweshwa, ikipigwa na hewa, hunyonya joto la mtoto, na kwamba utumbo ulio nje hupoteza maji saa hadi saa. Dawa ya hayo ni plastiki. Chukua mfuko safi wa plastiki nyororo, au ile karatasi ya plastiki ya kuviringishia chakula, mfunike mtoto kuanzia miguuni hadi kwapani, utumbo ukiwa ndani, ngozi iliyobaki ifunikwe kwa nguo kavu na kofia. Mlaze ubavu wa kulia ili mishipa inayolisha utumbo isijikunje. Mpira mwembamba upite puani hadi tumboni, uachwe wazi. Dripu iwekwe, antibiotiki ianzishwe, asinyonyeshwe kwanza. Kisha piga simu kabla gari halijaondoka, uongee na anayempokea.

Hakuna hata kimoja katika hivyo kinachohitaji daktari bingwa. Mfanyabiashara wa nyanya wa Ilula anajua kulipanga tenga lake likafika Kariakoo bila kupondeka. Sisi tumempakia binadamu wa kilo mbili na nusu bila maelekezo.

Nchi hii tayari ina njia ya kumsafirisha. Mfumo wa m-mama, ulioanzia Kanda ya Ziwa na kuzinduliwa kitaifa mwaka 2022, unampa mhudumu wa zahanati namba ya bure, 115. Anayepokea simu huuliza hali ya mgonjwa, huamua aende kituo gani, na pasipo gari la wagonjwa humpata dereva wa kijijini aliyeandikishwa, ambaye hulipwa kwa simu akishamfikisha. Umewekwa kwa ajili ya wajawazito, waliojifungua na watoto wachanga. Ni jambo la kujivunia. Ninachoomba ni kuuongezea kitu kidogo: anayepokea simu ya 115 awe na ukurasa mmoja wa maswali kuhusu kichanga mwenye kasoro. Je, amefunikwa plastiki? Ana mpira wa puani? Joto lake ni nyuzi ngapi? Mama anaweza kusafiri naye?

Hilo la mama lisipite hivihivi. Tunapowatenganisha tunadhani tunaharakisha. Mtoto anafika hana maziwa ya mama yake, hana kifua cha kumpasha joto, na hana mtu wa kutia sahihi fomu ya upasuaji. Bibi anasema hawezi kuamua mpaka baba aulizwe, simu ya baba haipatikani, saa zinakwenda. Mama aliyepasuliwa na ambaye hali yake ni tulivu anaweza kulala kwenye gari lilelile. Nimeona ikifanyika, na inafaa iwe utaratibu, isitegemee huruma ya aliye zamu.

Kuna watoto ambao hawafiki kabisa, au wanafika wamechelewa, kwa sababu hakuna aliyewaangalia. Hapa nasema na wakunga wenzangu. Mtoto amezaliwa, amelia, amepimwa uzito, amevalishwa, amepewa mama. Kwenye kadi imeandikwa kwamba yuko salama. Siku ya tatu mama anarudi: mtoto tumbo limevimba kama ngoma, anatapika kijani. Tunamvua nguo, tunamgeuza, hana tundu la haja kubwa. Kumgeuza mtoto na kutazama huchukua muda mfupi kuliko kuandika jina lake kwenye rejista.

Na kutazama kuwe kutazama kweli. Kwa watoto wa kike, choo cha kwanza kinaweza kutokea mbele, kupitia njia ya uke, mama akaona nepi imechafuka, wote tukaridhika. Ukiuliza tu kama amepata choo, utaambiwa ndiyo. Ukitazama, utaona hakuna njia mahali pake. Wa kiume naye anaweza kutoa choo kidogo kupitia mkojo. Mtoto huyu akigundulika siku ya kwanza, ana nafasi nzuri sana. Akigundulika utumbo umeshapasuka, tunaanza kuomba Mungu.

Vivyo hivyo kwa mtoto anayetoa povu mdomoni mfululizo na kupaliwa kila anapojaribu kunyonya. Tumezoea kumfuta na kumrudisha kifuani. Jaribu kumpitishia mpira mwembamba. Ukigoma katikati na kurudi, yawezekana koo lake la chakula halijaungana na tumbo, na kila tone la maziwa unalompa linaelekea kwenye mapafu. Na kichanga anayetapika kijani, kijani cha majani, ni mgonjwa wa upasuaji mpaka daktari aseme siye. Asipewe maji ya sukari. Asipewe dawa ya chango.

Bado hatujazungumza na wanaofanya altrasaundi. Siku hizi hata mitaa ya Kihonda na Buza ina zahanati binafsi zenye mashine hiyo, na wajawazito wengi wanakwenda kwa hiari yao kuuliza ni wa kike au wa kiume. Anaambiwa jinsia, anaambiwa mtoto amekaa vizuri, anarudi nyumbani na picha. Kwa wenzetu wa nchi tajiri, utumbo ulio nje huonekana kwenye kipimo hicho hicho miezi kabla ya kuzaliwa, na mama anapangiwa kujifungulia hospitali yenye daktari wa upasuaji wa watoto. Safari ya kilomita 300 anasafiri akiwa bado tumboni, mahali penye joto kuliko gari lolote la wagonjwa. Mhudumu wetu akifundishwa kupitisha macho kwenye ukuta wa tumbo, uti wa mgongo na kichwa, baadhi ya rufaa za alfajiri hazitakuwapo.

Tuje kwenye tiba yenyewe, maana wapo watakaosema ninaisukuma pembeni. Madaktari bingwa wa upasuaji wa watoto ni wachache na wamekusanyika kwenye hospitali kubwa. Muhimbili Dar es Salaam, KCMC Moshi na Bugando Mwanza ndizo zinazobeba mzigo mkubwa. Chuo cha madaktari wa upasuaji wa Afrika Mashariki, Kati na Kusini, COSECSA, chenye makao yake Arusha, kinawafundisha wengine hospitalini bila kuwapeleka ng'ambo, na hilo liongezwe nguvu. Wa usingizi wa watoto ni adimu zaidi kuliko wa kisu, na hawasemwi.

Lakini ona inavyokwenda kwa yule mtoto wa utumbo nje. Si lazima apasuliwe usiku huohuo. Utumbo huwekwa ndani ya mfuko laini, mfuko unaning'inizwa wima juu yake, na kila siku daktari anausukuma taratibu kidogo, uzito wake wenyewe ukisaidia kuurudisha ndani. Mara nyingi hufanyika wodini, bila usingizi mzito, bila mashine ya kupumulia. Mfuko wa kiwandani ni ghali kwa hospitali zetu. Kwa hiyo nimewaona madaktari wetu wakitumia mfuko wa mkojo uliosafishwa kwa vijidudu, au mfuko wa dripu uliokatwa na kushonewa pembeni mwa tundu. Kazi ya nesi hapo ni kuutazama utumbo kupitia plastiki. Ukiwa wa waridi na unang'aa, tunashukuru. Ukianza kuwa wa zambarau, ninampigia daktari hata kama ni saa tisa usiku, na asiponipokea ninampigia mkubwa wake.

Kampala walifanya hesabu ya njia hii. Katika hospitali ya Mulago, watoto wa aina hii walikuwa wakifa karibu wote. Walipoanza kuwahudumia kwa utaratibu mmoja, kwa mifuko na vifaa vya bei nafuu pembeni mwa kitanda, vifo vilishuka hadi takriban sita katika kumi. Sita bado ni wengi mno. Lakini wanne walio hai walitokana zaidi na mpangilio kuliko majengo. Na huko huko Uganda, mjini Mbale, mwanzoni mwa miaka ya 2000, Dk. Benjamin Warf alibuni namna ya kuwatibu watoto wenye vichwa vikubwa kwa kifaa kinachoingizwa kwenye ubongo kufungua njia ya maji, wengi wao wasihitaji mpira wa kudumu ambao ukiziba kijijini ni kifo. Baadaye aliipeleka njia hiyo Boston. Anayedhani kwamba kilicho rahisi ni cha daraja la pili akawaulize wa Boston.

Baada ya upasuaji ndipo penye kazi ndefu, na ndipo tunapowapoteza walionusurika. Utumbo uliokaa nje haufanyi kazi mara moja. Mtoto anaweza kukaa wiki kadhaa bila kuhimili maziwa, na muda wote huo anapaswa kulishwa kwenye mshipa: sukari, protini, mafuta. Lishe hiyo ni ghali, huharibika, na mstari wake ukiguswa na mikono michafu unapeleka vijidudu moja kwa moja kwenye moyo. Pale isipokuwapo, mtoto aliyefanyiwa upasuaji mzuri anakonda mbele ya macho yetu na kufa kwa njaa katikati ya mji wenye chakula. Ikiwekwa kwenye orodha ya dawa ambazo bohari haina ruhusa kukosa kwa hospitali za rufaa za kanda, tutakuwa tumefanya kazi kubwa kuliko kufungua tieta ya tatu.

Na wauguzi. Msomaji wa kawaida hajui hili, kwa hiyo nalisema polepole. Kuweka kanyula kwenye mshipa wa kichanga wa siku moja, mshipa usiozidi uzi wa kushonea, ni ufundi unaochukua miezi kuukamata. Kujua kwa kumtazama kwamba mtoto huyu jioni atabadilika, hilo huchukua miaka. Muuguzi akishayajua hayo, inatoka orodha ya mzunguko na anahamishiwa kliniki ya macho au wodi ya wanaume. Analetwa mwingine anayeanza moja. Wasimamizi wana sababu zao, wanaziba mapengo, lakini katika wodi ya wachanga mzunguko huo unaua. Muuguzi wa tieta hahamishwi ovyo. Wa wachanga naye asihamishwe mpaka awe amefundisha wawili.

Wapo wanaoniuliza kwa heshima: mama, watoto hawa si wachache? Kwa nini tusipeleke pesa kwenye malaria, au kwa watoto wanaozaliwa wakikosa hewa? Swali ni halali. Jibu langu lina sehemu mbili.

Ya kwanza ni hesabu. Utafiti wa kitaifa wa afya wa 2022 ulionyesha kwamba vifo vya wajawazito na wazazi vilishuka kutoka 556 hadi 104 kwa kila vizazi hai 100,000, ukilinganisha na ule wa 2015-16. Vifo vya walio chini ya miaka mitano vilishuka kutoka 67 hadi 43 kwa kila 1,000. Wanaojifungulia kwenye vituo walipanda kutoka asilimia 63 hadi 81. Ni kazi nzuri, na wakunga wanastahili pongezi. Sasa tazama walio chini ya siku 28: kutoka 25 hadi 24. Vifo vingine vinashuka, vya wachanga vimeganda, na lengo la dunia kwa 2030 ni 12. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba kila mwaka vichanga wapatao 240,000 hufa duniani kwa kasoro za kuzaliwa, na watoto tisa katika kumi wanaozaliwa na kasoro kubwa wako katika nchi za kipato cha chini na cha kati. Hatuwezi kufika 12 tukiwaruka hawa.

Ya pili ni kwamba pesa hazigawanyiki kama watu wanavyodhani. Joto linalomwokoa mtoto mwenye utumbo nje ndilo linalomwokoa njiti. Mkono unaojua kuweka dripu kwa huyu unajua kwa yule. Antibiotiki ni ileile, simu ni ileile, gari ni lilelile. Wodi ya wachanga ikiwa nzuri kwa mtoto wa upasuaji itakuwa nzuri kwa kila mtoto aliyelazwa humo, kwa sababu wa upasuaji ndiye anayevumilia makosa kidogo kuliko wote.

Na mafunzo hayahitaji hoteli wala posho za semina. Katika mikoa mitano ya nchi hii, watafiti wakiongozwa na hospitali ya Haydom walijaribu kitu kingine: mafunzo mafupi ya mara kwa mara kazini, kwa mwanasesere na vifaa halisi, katika vituo 30 vinavyozalisha. Matokeo yalichapishwa mwaka 2025 katika New England Journal of Medicine. Watoto waliozaliwa wafu pamoja na waliokufa siku ya kwanza walipungua kwa karibu moja ya tano. Wao walifundisha kumfanya mtoto apumue. Mwanasesere huyohuyo anaweza kuvishwa utumbo wa kitambaa, mkunga akafanya mazoezi ya kumfunga plastiki wakati wa kupokezana zamu.

Linabaki la gharama kwa familia. Sera inasema mtoto wa chini ya miaka mitano ana msamaha katika vituo vya umma. Wodini nimewaona wazazi wakitumwa dukani kununua kanyula, glovu na dawa ambazo zimeisha. Toto Afya Kadi, ile ya shilingi 50,400 kwa mwaka, ilisaidia wengi, na utaratibu wake wa kuandikisha mtoto mmoja mmoja uliposimamishwa mwaka 2023 wazazi walilalamika kwa haki. Lakini hata kadi bora haimfai mtoto aliyezaliwa asubuhi hii, ambaye hana jina, hana cheti, hana namba. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ipo tangu 2023. Kanuni zake zitamke bila kuzunguka kwamba kichanga anahesabika ndani ya bima ya mama yake tangu pumzi ya kwanza, na asiye na bima alipiwe na mfuko wa wasio na uwezo, karatasi zifuate baadaye.

Na kwa wengine safari haiishi kwa upasuaji mmoja. Mtoto aliyezaliwa bila njia ya haja kwa kawaida hupasuliwa mara tatu: kutolewa utumbo tumboni ili apate choo, kutengenezewa njia mahali pake, kisha kufungwa tundu la tumboni. Kati ya hatua moja na nyingine ni miezi. Mifuko ya kubandika tumboni haipo, mama anafua vitambaa mara kumi kwa siku, majirani wanalalamikia harufu, wengine wanasema mwanamke huyu alimcheka kilema akiwa mjamzito. Baba wengine huaga kwamba wanakwenda kutafuta nauli. Tumewarudisha watoto wengi nyumbani wakiwa na hatua ya kwanza tu, na orodha ya kuwafuatilia ilikuwa daftari la mtu mmoja, akihama linahama naye. Mtu wa ustawi wa jamii, simu ya ofisi na vocha ya nauli vingewarudisha wengi.

Mpango wa taifa wa huduma za upasuaji, uzazi na usingizi ulizinduliwa mwaka 2018 kwa ajili ya kipindi cha hadi 2025. Unaoufuata nitaupima kwa mambo matano. Kila kituo kinachozalisha kiwe na kifurushi cha rufaa ya kichanga: plastiki, kofia, mpira wa puani, kanyula ndogo, kipimajoto na barua yenye nafasi za kujaza. Kila mtoto ageuzwe na kutazamwa kabla hajavalishwa, na aliyetazama atie sahihi. Mama na mtoto wasafiri pamoja. Wauguzi wa wachanga wasizungushwe ovyo, na lishe ya mishipa isikosekane. Na kila kichanga aliyekufa akiwa na kasoro ya kupasuliwa ajadiliwe kikaoni kama tunavyojadili kifo cha mzazi, kituo kilichompeleka kikiwa kwenye simu, bila kutafutana uchawi.

La mwisho hilo ndilo lililoteremsha vifo vya wazazi kwa kiasi kikubwa, kwa ninavyoamini mimi niliyekaa kwenye vikao hivyo. Kituo kilichomtuma mtoto kinastahili kujua alifikaje na kilichompata. Mkunga aliyeweka gauzi mbichi hakuwahi kuambiwa. Bila shaka aliendelea kuweka gauzi mbichi.

Halmashauri ndizo zinazonunua vifaa vya zahanati na vituo vya afya, na vikao vya bajeti zao hufanyika mbali na kamera. Diwani wako akija msibani au harusini, muulize mbele za watu kama kituo chenu cha afya kina kifurushi hicho. Hajui, kwa hiyo atakuuliza ni kifurushi gani. Mtajie vitu sita nilivyoviandika hapo juu, kimoja kimoja, na umwombe alete jibu kwenye mkutano ujao wa kata.